Mheshimiwa akitaka kuja kanisani kwenu Jumapili: vile mtajipanga

Simu yenyewe huja Ijumaa jioni au Jumamosi, na haipigwi na mheshimiwa mwanasiasa mwenyewe, hupigwa na mpambe wake. Sauti tamu, "mzee wangu, habari za huduma," alafu anaingia moja kwa moja, "Jumapili tuko na nyinyi, sasa mtatupa dakika ngapi?" Lisikilizeni hilo swali vizuri ndugu zangu. Hajauliza ibada yaanza saa ngapi. Hajauliza kama kuna meza ya Bwana hiyo wiki ama kuna watoto wanabatizwa. Ameuliza dakika. Manake anachonunua ni hizo dakika, na bahasha inayofuata ndo bei yake, na mkishalielewa hilo basi haya mengine yote ninayoandika hapa ni utaratibu tu.

Mimi ni mhazini wa kanisa dogo huku Mishomoroni, Mombasa, huu mwaka wa kumi na moja nashika daftari la sadaka. Naandika hivi manake tunaelekea uchaguzi wa Agosti 2027 na simu zishaanza, na kuna makanisa wenzetu Mtopanga na Mikindani wameniuliza nyie mlifanyaje. Tulifanya vibaya kwanza, wacha niseme ukweli.

Ilikuwa 2021 mwishoni, watu washashika kampeni za uchaguzi wa 2022. Ukuta wetu ulikuwa umefika lenta, mabati hakuna, twaabudu chini ya turubai na mvua ikinyesha twasukumana upande mmoja kama kuku. Simu ikaja, tukaona Mungu amejibu. Mama mchungaji akatoa makochi yake ya sebuleni, vijana wakayabeba kwa mkokoteni mpaka kanisani yakapangwa mbele, yamefunikwa vitambaa vyeupe vya kufuma. Ibada yetu ni saa tatu. Msafara ukaingia saa sita kasorobo, magari saba, wapambe wakatangulia wakizunguka zunguka kama watu wametupa funguo, mahubiri yakakatwa katikati, pasta hata hoja ya pili hajaifikia. Mheshimiwa akaongea dakika thelathini na tano na kati ya hizo labda mbili zilimhusu Mungu. Mwisho akatangaza laki tano za mabati. Vigelegele, kwaya ikasimama, mimi mwenyewe nilipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Tukaenda kuhesabu kwenye kile chumba cha jenereta, mimi, katibu na mzee mmoja wa kanisa. Elfu themanini. Tukarudia mara tatu, noti za elfu moja moja zimefungwa raba ya kijani, elfu themanini. Mpambe akasema hizo zingine ni ahadi, zitakuja. Hazijaja mpaka leo. Na kabla hajapanda gari akataka "kitu cha vijana wa msafara", tukampa elfu kumi, hatukujua mtu kama huyo hukataliwa vipi.

Sasa hapo wengi huishia kulalamika na ile ahadi. Mimi hiyo ahadi si ndo iliyoniumiza, kilichoniumiza kiko kwa daftari. Kabla ya siku hiyo sadaka yetu ya Jumapili ilikuwa inacheza kati ya elfu kumi na nne na kumi na sita. Jumapili iliyofuata, elfu tisa. Iliyofuata, elfu nane na mia saba. Ikaenda hivo hivo karibu miezi mitatu. Kuna mama yetu anauza viazi karai hapo stejini, noti yake ya mia hajawahi kukosa kuileta, ameikunja mpaka imekuwa ndogo kama kidonge. Nikamuuliza kwa upole mbona kimya siku hizi, akanijibu wazi, "Baba, kwani zile laki tano mshamaliza?" Ningemwambia nini? Kila mtu alisikia laki tano kwa maiki, hakuna aliyesikia elfu themanini kwa chumba cha jenereta. Pigeni hesabu na nyinyi: elfu sita kila Jumapili mara Jumapili kumi na mbili ni elfu sabini na mbili, ongeza kumi za vijana wa msafara, elfu themanini na mbili. Yaani tulimpa mtu mimbari na juu yake tukamlipa elfu mbili.

Jirani yangu Mwislamu alinicheka sana, alafu akaongeza, "Msijione pekee yenu, sisi wanatuletea tende na unga mwezi wa Ramadhani, Idi ikipita hatuwaoni." Basi ni ugonjwa wa mtaa mzima, lakini kila mtu atibu nyumba yake.

Andikeni kabla hamjapigiwa simu

Hili ndo la kwanza na ndo linalosahaulika. Mkingoja mpaka mpambe apige ndo mkae kamati, mshachelewa, manake hapo chochote mtakachoamua kitaonekana kimemlenga yule mtu na chama chake, na kwenye kamati hapakosi mtu wa chama hicho. Kaeni mwezi ambao hakuna mtu anawatafuta. Karatasi moja yatosha, nusu karatasi hata. Yetu yasema hivi kwa ufupi: mtu yeyote anakaribishwa kuabudu, hakuna anayeongea kwenye ibada isipokuwa amepangwa na wazee kwa kazi ya ibada, toleo lolote hupita kwenye kikapu au nambari ya kanisa, halitangazwi kwa jina, mhazini hapokei ahadi. Basi. Ikasomwa mbele ya washirika, ikapigiwa kura ya mikono, ikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao na kusainiwa.

Kama kanisa lenu limesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama (Societies Act, si ile ya vyama vya siasa) basi mna katiba mliyoipeleka kwa msajili, itafuteni. Najua iko kwenye faili ya mtu ambaye alishahama. Itafuteni tu, manake mle ndani ndo kumeandikwa nani ana mamlaka ya kupokea mali kwa niaba ya kanisa, na mara nyingi si pasta peke yake, ni kamati. Hicho kifungu kitawaokoa siku moja.

Na msione ni ajabu. Septemba 2021 Askofu Mkuu wa Kianglikana, Jackson Ole Sapit, alifanya hivo hivo kule Butere siku ile Rose Okeno anawekwa kuwa askofu, wanasiasa wamejaa mbele, wote wakaambiwa karibuni tuabudu lakini hakuna kuongea. Mbingu hazikuanguka. Kama kanisa kubwa vile lilithubutu mbele ya kamera, sisi wa mabati twaogopa nini.

Kuhusu simu

Aliyepokea asijibu la ndio wala la hapana kuhusu dakika. Ajibu hivi: "Karibuni sana, ibada ni saa tatu, viti vipo." Mpambe atarudia, "Mzee nasema atasalimia watu, dakika tano tu." Jibu ni lile lile kwa sauti ile ile, "Karibuni sana, ibada ni saa tatu, utaratibu wetu hakuna salamu za wageni, atatajwa na atapunga mkono." Usieleze zaidi, usiombe radhi, ukianza kueleza yeye ana maneno mengi kukushinda, hiyo ndo kazi yake. Kwa kawaida hapo utasikia kimya, alafu, "Wacha niongee na mheshimiwa nitakupigia." Wengi hawapigi tena. Hapo utakuwa umejua kilichokuwa kinakuja kilikuwa nini bila kutumia hata senti.

Alafu yale makochi. Acheni kubeba makochi. Yakobo kwenye sura ya pili amelisema hili kama vile alikuwa amekaa kanisani kwetu, mtu wa pete ya dhahabu na nguo nzuri mwamwambia kaa hapa pazuri, na maskini mwamwambia wewe simama pale. Mgeni akija apewe kiti cha plastiki kama cha kila mtu, akichelewa akae palipo na nafasi. Na wale walinzi waambieni wabaki nje getini kwa heshima, watoto wa Sunday School wanaogopa.

Kukataa kumpisha mkubwa si kukosa adabu, wengine husema hivo. Mwaka 390 Kaisari Theodosius, mtawala wa dola ya Roma na Mkristo, aliamuru mauaji ya watu wengi Thesalonike, na Ambrose askofu wa Milano akamzuia asishiriki meza mpaka atubu. Na alitubu. Huyo Ambrose alimheshimu Kaisari maisha yake yote, lakini alijua mlango ni wa nani.

Maiki

Kijana wa mitambo ndo mtu muhimu kuliko pasta siku hiyo. Sitanii. Mpangeni Jumamosi, mwambieni maiki isiyo na waya ikae mfukoni mwako, hakuna anayeshika isipokuwa hawa watatu. Manake maiki zile huibwa kwa mbinu: anayeongoza ibada anaweza kulainishwa, kwaya inaweza kumaliza wimbo na kumwelekezea mgeni, kuna ile ya "shemeji asalimie tu" akimaanisha mke wa mheshimiwa, na kuna ile mbaya zaidi ya kumwita atoe "ushuhuda". Ushuhuda! Ametoka kwa gari yuaja kutoa ushuhuda.

Matangani ndo kuna kazi. Ibada ya kawaida ni nyumba yenu, lakini msiba ni wa familia, na familia ina mwili unaosafirishwa bara, gari halijalipwa, na mheshimiwa ameahidi basi la mazishi. Hapo hatutumii ubabe. Sisi tumegawanya: sehemu ya ibada ni ya kanisa na sheria yetu inashika, baraka ikishatolewa tunafunga Biblia, tunashuka jukwaani, na familia ina uhuru wa kuita inayemtaka. Si kamilifu. Kuna mazishi moja mheshimiwa aliongea muda mrefu mpaka marehemu akasahaulika juani. Lakini angalau hakufanya hivo akiwa amesimama nyuma ya msalaba wetu.

Pesa zenyewe

Kikapu kinapita, atie kama wengine. Akitaka kutuma, kanisa lina nambari ya Paybill kwa jina la kanisa, na narudia kwa jina la kanisa, si simu ya pasta na si simu ya mhazini. Watu watatu wanahesabu pamoja, wanaandika, wanasaini, kesho yake benki. Mnachotangaza Jumapili ijayo ni jumla peke yake. Hakuna "tunamshukuru fulani". Wengine wataona ni ukavu, lakini kumbukeni yule mama mjane kwenye Marko kumi na mbili, Yesu alikaa akatazama watu wakitia, na aliyemtaja ni yule wa sarafu mbili. Sisi twamtaja wa laki na mama wa viazi karai hatumtaji, alafu twashangaa akikata tamaa.

Ahadi msiandike. Ahadi si pesa, ahadi ni maneno yanayopunguza sadaka za wengine. Hundi andikeni ikishaiva benki.

Vitu je? Mabati, viti, spika, sufuria za akina mama. Vipokeeni kama havina sura ya mtu wala rangi ya chama. Kuna kanisa najua, silitaji, lilipewa viti mia mbili vyenye picha ya mgombea wa wadi mgongoni na kwenye kikalio. Mgombea akashindwa. Viti bado vizima kabisa, na sasa kila Jumapili akina mama wanamkalia usoni.

Kitu kingine waulizeni ni pesa za nani. Sheria ya CDF, ule mfuko wa serikali wa maendeleo ya maeneo bunge, hairuhusu zile fedha zisaidie shughuli za dini wala za siasa, basi mtu akija na "mradi" wa CDF kanisani kwenu hapo kuna mtego, na akija kugawa hundi za basari mbele ya madhabahu hiyo si sadaka yake, ni kodi yenu inarudi ikiwa imevaa suti. Na kulikuwa na Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya 2003, iliyofutwa 2025, ambayo ilimkataza afisa wa umma kutumia ofisi yake au cheo chake kukusanya michango ya harambee. Julai 2024, baada ya vijana kuandamana kupinga mswada wa fedha, Rais Ruto mwenyewe alitangaza maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Twende nayo hiyo, manake inaleta mfano unaofuata.

Jinsi ya kurudisha

Novemba 2024 Rais alienda kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa milioni 2 za nyumba ya padri na laki 6 za kwaya na baraza la parokia, akaahidi milioni 3 zaidi na basi. Hiyo ni siku chache tu baada ya maaskofu Wakatoliki kuikosoa serikali hadharani. Kesho yake Askofu Mkuu Philip Anyolo akatoa taarifa: zile pesa zirudishwe, na zile za ahadi na basi hatuzitaki. Angalieni alivofanya: haraka, kwa maandishi, akitaja kila kiasi, na bila matusi. Hiyo ndo namna. Kama mmepokea kitu na moyo hauko sawa, msikiguse, kikae benki, kamati ikae ndani ya wiki hiyo, barua iandikwe, pesa irudi kwa benki ili kuwe na karatasi, kisha washirika waambiwe sentensi mbili. Msirudishe noti mkononi kwa mpambe, hizo hazitafika.

Mkikaa sana mtakuta mshazitumia na hamna cha kurudisha, na hapo ndo mtaanza kutafuta aya za kujitetea.

Tena pesa kubwa huja na vita vyake. Machi 2025 kanisa moja la Roysambu lilitangaziwa milioni 20 na Rais na Jumapili iliyofuata vijana wakaandamana mpaka huko, polisi, vitoa machozi, waumini wamevaa nguo zao za Jumapili. Simhukumu mtu wa kule, mimi nauliza tu: yule bibi aliyeenda kuomba siku hiyo, yeye alipokea shilingi ngapi katika hizo milioni 20?

Abrahamu alikataa mali ya mfalme wa Sodoma, hata uzi, hata gidamu ya kiatu, asije mtu akasema mimi ndo nimemtajirisha Abramu. Iko Mwanzo kumi na nne. Someni kwenye kikao kabla ya kupiga kura, inasaidia.

Tena sisi wa Mombasa tungekuwa wa kwanza kuelewa

Hili ni la pembeni kidogo lakini nivumilieni. Mji huu una ngome imepewa jina la Yesu. Wareno waliianza 1593, ndani mna mizinga. Ukipeleka watoto kuitembelea watakuuliza, kwani Yesu alikuwa na mizinga? Na kuna yule Yusuf bin Hasan, mtoto wa sultani, baba yake aliuawa, yeye akapelekwa Goa, India, akalelewa na watawa Waagostino, akabatizwa Dom Jerónimo, akarudishwa hapa kuwa mfalme Mkristo chini ya Wareno. Ubatizo na kiti vilikuja kwenye sahani moja. Mwaka 1631 akamgeuka kapteni wa ngome, akamuua, akarudi kwenye Uislamu, na waliouawa wengi walikuwa Wakristo wa kawaida, Wareno na Waafrika, wanawake na watoto, ambao ugomvi wa kiti haukuwahusu. Kanisa likishakaa kwenye mapaja ya mtawala, siku mtawala akiinuka ni lenyewe linaloanguka.

Lakini pia tuna Kengeleni. Mnapita pale kila siku mkienda Nyali mkitukana foleni, ile kengele ni ya Freretown, kijiji cha watumwa walioachiwa huru, wamisheni wa CMS, shirika la Kianglikana la Uingereza, walikianzisha miaka ya 1870. Huo ni upande mwingine wa kanisa na nguvu, kanisa limesimama na mtu aliyekimbia. Na hata huko pesa za wakubwa ziliingia: watumwa waliotoroka walijificha Rabai na misheni zingine, mabwana wao wakawaka, na mwaka 1889 kampuni ya Waingereza ikawalipa mabwana fidia kwa watu zaidi ya elfu moja ili wawe huru. Pesa ilifanya jambo zuri, sikatai. Lakini kampuni ilikuwa inanunua utulivu wa biashara yake, na aliyelipwa ni bwana, mtumwa hakulipwa hata peni. Kila pesa ina mwenyewe na ina safari yake, ulizeni tu yaenda wapi.

Sasa pasta

Nimeliacha hapa makusudi manake ndo kiini na ndo laumiza. Mnajua kwa nini 2021 tulisema ndio bila hata kukaa kikao? Pasta wetu alikuwa anadaiwa kodi ya nyumba miezi minne. Elfu nane kwa mwezi, jumla elfu thelathini na mbili, mwenye nyumba ashaweka kufuli lake la pili mlangoni. Sisi wazee tulijua. Tulikuwa twamwambia "mtumishi Mungu atafanya njia". Njia ikapiga simu Ijumaa jioni.

Basi hatua kubwa kuliko zote hizi haina maiki wala bahasha ya mheshimiwa ndani yake: mlipeni pasta wenu. Kodi ya nyumba iwe mstari wa kwanza wa bajeti kabla ya kinanda, kabla ya sare za kwaya. Sisi sasa tarehe mbili ya kila mwezi inatoka benki kwenda kwa mwenye nyumba moja kwa moja, hata mwezi ambao stima imekatwa. Pasta ambaye watoto wake wamekula anaweza kusema hapana. Mwenye njaa mtamlaumu bure.

Na yeye pia ana wajibu wake. Ile bahasha ndogo inayoteleza mfukoni nje wakati wa kuagana, "ya mafuta mtumishi", "ya chai", hiyo ikitoka kwa mtu anayetafuta kura aiseme kwenye kamati. Tuliliongea naye ana kwa ana, tukiwa watatu, kwa chai na mahamri nyumbani kwake. Alinyamaza sana. Alafu akasema, "Wazee wangu, mngejua ni ngapi nimeshazipokea mkiwa hamuoni." Hatukumuuliza ngapi. Petro alimjibu yule Simoni wa Samaria aliyetaka kununua uwezo wa Roho kwa fedha, fedha yako na ipotelee mbali pamoja nawe. Lakini Petro hakuwa na mwenye nyumba mlangoni.

Wanaohubiri panda mbegu uvune gari, na wamempaka mafuta kila mgombea aliyewapigia honi, hao mwongozo huu hautawasaidia, wao wako kwenye biashara na biashara yao yaenda vizuri.

Washirika watakaowapinga

Watakuwepo, na wengi ni watu wazuri. Wa kwanza atasema pesa haina dini. Mwambieni pesa haina dini lakini maiki yetu inayo. Wa pili atasema mbona Yesu aliingia kwa Zakayo mtoza ushuru, na siku hizi mkitaja Zakayo kanisani watu wanacheka wakikumbuka lile jina la utani alilopewa Rais kwa ajili ya kodi, ngojeni wacheke wamalize. Kisha fungueni Luka kumi na tisa mpaka mwisho. Zakayo alisema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemdhulumu namrudishia mara nne. Hakusema najenga sinagogi. Hakuomba kusalimia watu. Mheshimiwa akitaka kuwa Zakayo aanze na maskwota na wale aliowadhulumu tenda, sisi tutamshangilia tukiwa bado chini ya turubai.

Wa tatu atasema basi Wakristo tusiguse siasa. Hapana kabisa, ni kinyume. Wakati wa chama kimoja maaskofu kina Alexander Muge, Henry Okullu na David Gitari, na Mchungaji Timothy Njoya, waliupinga ule upigaji kura wa mlolongo wa 1988, watu kupanga foleni nyuma ya mgombea, mbele ya serikali ambayo watu waliiogopa kweli kweli, na walikuwa na mdomo manake haukuwa umejazwa. Sisi tunawaita wagombea wote, wa kila chama, Jumatano saa kumi na moja jioni, chini ya mwarobaini uani na si ndani. Kila mmoja dakika sita, saa anashika mzee mmoja mstaafu wa bandarini asiyejua kubembelezwa, alafu maswali. Maji ya Kisauni yanakuja mara ngapi kwa wiki, hati za mashamba, taa za barabarani. Hakuna bahasha, twawapa chai sisi. Waislamu wa mtaani wanakuja pia, na maswali yao ndo makali.

Kwa hivyo mabati yalipatikanaje? Polepole. Tulisimama mbele ya kanisa, mimi na katibu, tukasoma daftari lote, elfu themanini, elfu kumi za vijana, tarehe zote, tukaomba msamaha. Sadaka ikarudi kama wiki tano baadaye, alafu tukaanza bati moja kwa kila nyumba, jina halitajwi, linapigwa tiki tu kwenye karatasi ukutani. Tulimaliza upande wa bahari Desemba 2023 na ule mwingine Pasaka iliyofuata. Bado unavuja karibu na kinanda.

Mwezi uliopita simu ikaja tena, mpambe tofauti, swali lile lile la dakika. Katibu akajibu karibuni ibada ni saa tatu. Nikadhani yameisha, lakini mheshimiwa akaja kweli, saa nne na robo, watu kumi na mmoja, wakakaa viti vya plastiki vya nyuma karibu na mlango. Akatajwa, akapunga mkono. Kikapu kikapita, nikaona kwa mbali amekunja kitu akatia, na wenzake pia wakatia. Tulipohesabu jumla ilikuwa elfu kumi na saba, mia tatu na hamsini.

Siku hizi bila mgeni huwa twapata kama elfu kumi na saba.